Siku ya 13 ya Ramadhani: Habari Tuliyotaka Iwe Kweli

Bismillahir Rahmanir Rahim.

Alhamdulillah, Mwenyezi Mungu ametufikisha siku ya 13. Tumwombe atufikishe mwisho wa mwezi tukiwa na afya, na saumu zetu zikiwa zimekubaliwa. Swala na salamu zimfikie Mtume wetu Muhammad (s.a.w.), ahali zake na maswahaba zake wote.

Darsa la leo nimeliahirisha tangu siku ya kwanza ya mwezi, kwa sababu linaanza na kosa langu mwenyewe. Lakini mwezi unakwenda, na deni likicheleweshwa halipungui.

Wakati wa kampeni za uchaguzi uliopita, usiku mmoja baada ya Isha, nilifungua simu nikakuta picha ya ukurasa wa mbele wa gazeti. Nembo ya gazeti ipo. Tarehe ipo. Picha ya mgombea udiwani wa upande nisioupenda ipo. Na juu yake kichwa cha habari kwa herufi kubwa nyekundu, kwamba bwana huyo amesema akipita atahakikisha madrasa za kata yetu zinafungwa.

Nilisoma mara moja tu. Damu ikanichemka. Nikaituma kwenye grupu la walimu wa madrasa, nikaongeza na maneno yangu mawili: "Nilisema mimi." Kisha nikaweka simu chini nimeridhika kabisa, nadhani nimeitetea dini.

Siku ya tatu gazeti lenyewe likatoa taarifa kuwa ukurasa ule si wake. Mtu alikaa na kompyuta, akachukua nembo, akapachika picha, akatunga maneno. Taarifa hiyo niliiona. Nikanyamaza. Nikajiambia, hata kama hili hakulisema, yule si mtu wa kuaminika. Oneni shetani anavyomfundisha shehe kujitetea!

Wiki ile ile, baada ya swala ya Alfajiri, mzee mmoja anayeswali safu ya pili alinisubiri mlangoni. Ni baba wa yule mgombea. Mimi, wallahi, nilikuwa nimesahau kwamba mgombea ana baba, na kwamba baba huyo anaswali nyuma yangu kila siku. Akanisalimia vizuri kabisa, halafu akaniuliza:

"Shehe, wewe ulimsikia mwanangu akisema maneno yale?"

Nikamwambia, "Sikumsikia, mzee wangu."

"Basi uliyemwuliza ukathibitisha ni nani?"

Nikakosa jibu.

Akaniambia, "Mwanangu akikosea nitakuwa wa kwanza kumkanya, na wewe utakuwa wa pili. Lakini watoto wake wanasoma madrasa hii hii. Jana wamerudi nyumbani wanalia, wenzao wamewaambia baba yao ni adui wa dini." Kisha akachukua viatu vyake akaondoka. Hakuninyanyulia sauti, na afadhali angeninyanyulia.

Ndugu zangu, tunaijua hadithi sahihi iliyopokewa na Imamu Bukhari, kwamba mtu asiyeacha maneno ya uongo na kuyatenda, Allah hana haja na kuacha kwake chakula na kinywaji. Hadithi hii tunaisoma kila Ramadhani. Wengi wetu tunaielewa kwa ulimi tu: usiseme uongo sokoni, usimdanganye mkeo. Lakini neno lililotumika katika hadithi hiyo ni zuur. Na neno hilo hilo la zuur ndilo lililotumika kwa ushahidi wa uongo, ule ambao Mtume (s.a.w.) alipoutaja miongoni mwa madhambi makubwa alikuwa ameegemea, akainuka akakaa, akawa anaurudia na kuurudia mpaka maswahaba wakatamani angenyamaza kwa kumhurumia.

Sasa hebu tujiulize. Mtu anayetunga habari kwamba fulani kasema hivi mkutanoni, naye hakusema, huyo ni nani kama si shahidi wa uongo? Na anayeichukua habari hiyo akaipeleka kwa watu 200 na kuongeza "nilisema mimi," huyo naye yuko wapi?

Turudi kwenye Qur'ani. Katika Suratul Hujurat, aya ya 6, Mwenyezi Mungu anawaamrisha walioamini kwamba akiwajia mtu fasiki na habari yoyote, basi wachunguze, wasije wakawadhuru watu kwa kutojua, kisha wakawa wenye kujuta kwa waliyoyatenda. Kuchunguza huko ndiko kunakoitwa tabayyun, yaani kutafuta mpaka jambo libainike.

Wafasiri wengi wametaja kisa kilichosababisha aya hii iteremke. Mtume (s.a.w.) alimtuma mtu kwenda kwa Banu Mustaliq, kabila lililokuwa limesilimu, akakusanye zaka yao. Jina la mjumbe silitaji, halina haja kwenye somo letu. Kati ya mjumbe huyo na watu wale palikuwa na uadui wa zamani, wa zama za ujahilia. Waliposikia mjumbe wa Mtume anakuja walifurahi, wakatoka kwa wingi kumpokea. Yeye alipouona umati ule akaogopa, akageuza kipando chake akarudi Madina. Alipofika akatoa ripoti: wamekataa zaka, na walitaka kuniua.

Izingatieni ripoti hiyo, maana ni habari ya siasa kamili. Kukataa zaka wakati ule ni kuasi dola. Ripoti ile ilitosha kutoa jeshi. Na mtoa habari alikuwa "alikuwepo," amekwenda kwa miguu yake na ameona umati kwa macho yake. Umati ulikuwa wa kweli. Nia ya umati ndiyo aliyoitunga, akaijaza kutoka kwenye hofu yake na uadui wake wa zamani.

Katika baadhi ya riwaya, Mtume (s.a.w.) alimtuma Khalid bin Walid (r.a.) na kumwamuru athibitishe kwanza wala asifanye haraka. Khalid akafika usiku, akatuma watu wapeleleze. Wakarudi na habari kwamba wamesikia adhana, na wamewaona watu wanaswali. Subhanallah! Kati ya watu wale na panga, palikuwa pamebaki kusikilizwa adhana tu. Kama asingetumwa mtu kwenda kusikiliza, Waislamu wangewaua Waislamu kwa habari ya mtu mmoja.

Kisa kama hicho kimetokea tena katika zama zetu, na jarida lililohusika limekiandika lenyewe. Nitakieleza kwa sababu ndani yake yumo mtungaji, wamo walioamini, na yumo mtu mmoja aliyefanya tabayyun.

Huko Hamburg, Ujerumani, kuna jarida la kila wiki linaloitwa Der Spiegel, lililoanzishwa mwaka 1947. Ni jarida kubwa na lenye heshima, na lina kitengo chake cha watu ambao kazi yao ni kuhakiki makala kabla hazijachapwa. Humo alikuwemo mwandishi kijana, Claas Relotius. Alikuwa akiandika kwa ufasaha wa kuwatoa watu machozi, na tuzo alikuwa anazoa tu. Mwaka 2014 shirika la CNN lilimpa tuzo ya mwandishi bora wa mwaka kwa Ujerumani.

Donald Trump aliposhinda uchaguzi wa Marekani mwaka 2016, watu wengi Ulaya walishangaa: ni watu gani hawa waliompigia kura? Relotius akatumwa akakae kwenye mji mdogo wa mashambani, aishi na wapiga kura hao, awaelewe. Akaenda Fergus Falls, jimbo la Minnesota, mji wa watu kama 13,000 hivi. Akakaa wiki kadhaa. Makala ikatoka mwaka 2017.

Aliandika nini? Kwamba kwenye mlango wa mji kuna kibao kinachowaambia watu wa Mexico wasiingie. Kwamba ofisa mkuu wa utawala wa mji ni kijana anayetembea na bastola kiunoni, hajawahi kuiona bahari maishani mwake wala kuwa na mwanamke. Wasomaji Ujerumani wakasoma, wakatikisa vichwa: kumbe ndivyo walivyo! Tulijua.

Kibao hicho hakikuwepo. Ofisa yule alikuwa na mwenzi wake, na picha amepiga nao wakiwa baharini. Wakazi wawili wa mji huo waliisoma makala ikiwa imetafsiriwa, wakapigwa na butwaa, wakaanza kuichambua jambo kwa jambo. Waliandika baadaye kwamba yaliyokuwa kweli ndani yake yalikuwa machache mno.

Lakini hao walikuwa mbali, na sauti yao haikufika Hamburg. Aliyeuvunja uongo alikuwa mwandishi mwenzake, Juan Moreno. Mwaka 2018 wawili hao walipewa makala moja ya kuandika pamoja, kuhusu mpaka wa Marekani na Mexico. Moreno alikuwa na wahamiaji upande wa Mexico. Relotius aliandika kuhusu kundi la wananchi wenye silaha waliojipa kazi ya kulinda mpaka upande wa Marekani. Moreno alipoisoma sehemu ya mwenzake, baadhi ya mambo hayakumwingia akilini. Akawaeleza wakubwa. Hawakumwamini. Mwandishi nyota, mwenye tuzo zote hizo, atunge? Ikawa kama Moreno ndiye mwenye husuda. Naye hakuwa hata mwajiriwa wa kudumu, na alikuwa na familia ya kulisha.

Moreno akafanya nini? Akaenda Arizona kwa gharama yake. Akawatafuta watu waliotajwa kwenye makala. Akawaonyesha picha ya Relotius, akawauliza kama wanamjua. Wakasema hawajawahi kukutana naye. Hapo ndipo uzi ulipoanza kufumuka. Tarehe 19 Desemba 2018 jarida lenyewe likawatangazia wasomaji wake kwamba mwandishi wake nyota alikuwa akitunga, kwa miaka, watu, mazungumzo na matukio. Wiki chache tu kabla yake, mwezi huo huo, alikuwa amepewa tuzo nyingine kwa makala kuhusu kijana wa Syria. Nayo ilikuwa na uongo.

Ndugu zangu, swali lililonikaa moyoni ni hili: uongo ule ulipitaje? Kile kitengo cha uhakiki kilikuwepo. Kilikuwa kinaweza kupekua vitabu na kumbukumbu, kuangalia jina la mji limeandikwaje, mto uko wapi, tarehe ni ipi. Lakini maneno aliyoambiwa mwandishi akiwa peke yake na mtu, nani atayahakiki? Hapo wanategemea amana ya mwandishi. Na juu ya hilo, habari zake zilikuwa zinasema kile ambacho wasomaji na wakubwa wa jarida walikuwa wameshakiamini. Kibao kile hakikuwepo barabarani, lakini vichwani mwa watu kilikuwa kimeshasimamishwa zamani. Relotius alichofanya ni kukielezea tu.

Na hapo ndipo nilipojiona mimi. Ule ukurasa wa gazeti la uongo haukunidanganya kwa sababu ulitengenezwa kwa ustadi. Ulinidanganya kwa sababu nilikuwa naungoja. Uadui wangu ulikuwa umeshaiandika habari ile, ilibaki kuletewa tu. Kama ukurasa huo huo ungekuwa na picha ya mgombea ninayempenda, wallahi ningeupekua herufi kwa herufi. Ningesema, hebu subirini, gazeti gani hili, la lini, nani kalileta? Ningekuwa mwanachuoni wa hadithi ghafla, nauliza isnadi!

Kwa hiyo fundisho la leo nalifupisha hivi: habari inayokuumiza utaichunguza mwenyewe bila kuambiwa, kwa sababu huitaki iwe kweli. Ile inayokufurahisha dhidi ya hasimu yako ndiyo inayohitaji uchamungu. Mwenyezi Mungu ameshatuonya katika Suratul Maida, aya ya 8, kwamba kuwachukia watu kusitupeleke kwenye kutokuwa waadilifu, tufanye uadilifu, kwani huko ndiko kuliko karibu zaidi na uchamungu. Na uchamungu ndiyo sababu ya sisi kufunga. Basi mtu anayefunga akawa bado anampokea hasimu yake kwa mizani nyingine, ajue kuna sehemu ya saumu haijamfikia.

Na tusidhani hili ni la Wazungu tu au la wanasiasa tu. Sisi Waislamu tunalalamika, na tuna haki ya kulalamika, kwamba tumeandikwa mambo tusiyoyasema wala kuyafanya. Tunajua uchungu wake. Basi ni aibu iliyoje uchungu huo huo tuutoe mikononi mwetu tukampe jirani, kwa kuwa tu kadi yake ya chama si kama yetu.

Sasa tufanye nini? Nawaletea mambo matatu, nami nimeanza nayo mwenyewe.

Kwanza, tuulize lile swali la mzee: "Ulimsikia?" Kama hukumsikia, aliyemsikia ni nani? Kama habari ni ya gazeti, fungua ukurasa wa gazeti lenyewe uitafute. Kama ni klipu ya hotuba, tafuta hotuba nzima, maana sentensi ikikatwa kichwa na mkia inaweza kusema kinyume cha msemaji. Kama huna muda wala bando la kutafuta, basi huna ruhusa ya kutuma. Imamu Muslim katika utangulizi wa Sahihi yake amepokea kwamba yamtosha mtu kuwa mwongo kwa kusimulia kila alisikialo. Na huko kuandika "kama nilivyopokea" hakukutoi kwenye dhambi. Ukipokea mzigo wa wizi ukampelekea mwingine, utasema "kama nilivyopokea"?

Pili, neno kwa vijana wetu mnaofanya kazi za habari, kwenye redio, magazeti na hizi kurasa za mtandaoni. Nawajua, mko humu. Kazi yenu ni ushahidi. Najua mnasukumwa: habari iwe moto, itoke kabla ya wenzetu, kichwa kivute watu. Najua msimu wa uchaguzi bahasha zinatembea. Lakini kumwekea mtu maneno mdomoni, hata maneno mawili, hata ukiwa na yakini kwamba "ndivyo anavyofikiri," ni zuur. Katika Sahihi Bukhari imo ndoto ya Mtume (s.a.w.), na ndoto ya Mtume ni kweli, alipoonyeshwa mtu anayechanwa shavu kwa ndoano ya chuma mpaka kisogoni, upande mmoja ukipona unachanwa mwingine. Akaambiwa kwamba huyo ni mtu anayetoka nyumbani kwake asubuhi akasema uongo mmoja, ukafika pembe zote za dunia. Zamani mtu angeweza kujiuliza uongo mmoja unafikaje pembe zote. Sisi hatuna haja ya kujiuliza. Uko kidoleni.

Na ukimwona mwenzako kazini anatunga, mkumbuke Moreno. Hakumchafua mwenziwe kwa umbea wa mezani. Alikwenda kutafuta ushahidi kwa jasho lake, kisha akausema mbele ya waliotakiwa kuusikia.

Tatu, na hili ndilo zito. Toba ya uongo wa habari haitoshi kuwa ya siri. Katika Suratul Baqara, aya ya 160, Mwenyezi Mungu anawasamehe waliotubu, wakatengeneza, na wakabainisha. Kule Suratul Hujurat tumeamrishwa tutafute jambo libainike, hapa tunaamrishwa tulibainishe, na maneno hayo mawili kwa Kiarabu yanatoka mzizi mmoja. Uliyoyasambaza hadharani yarekebishe hadharani, mahali pale pale, kwa watu wale wale. Lile jarida la Ujerumani, pamoja na aibu yake yote, lilijianika lenyewe mbele ya wasomaji wake, na likamtuma mwandishi mwingine mpaka Fergus Falls kwenda kuwaona watu waliodhulumiwa. Watu wale si Waislamu. Je, sisi wenye aya?

Basi mimi nilifanyaje? Siku ile ile ya mzee, niliandika kwenye lile grupu la walimu kwamba habari niliyoituma ni ya uongo, kwamba niliituma bila kuthibitisha, na kwamba nilijua ni ya uongo siku mbili nzima nikanyamaza. Nikaenda nyumbani kwa yule mgombea nikamwomba msamaha mbele ya watoto wake. Akanisamehe, Allah amlipe kheri. Kura yangu hakuiomba wala mimi sikumwahidi. Tulizungumza habari za watoto na hifdhi yao.

Lakini nataka mjue kilichobaki. Mwaka jana, katika Ramadhani kama hii, nilikwenda kufuturu kwa jamaa zangu mji mwingine. Baada ya futari kijana mmoja akanionyesha simu yake: "Shehe, umeiona hii ya yule bwana anayetaka kufunga madrasa?" Ukurasa ule ule. Herufi nyekundu zile zile. Na chini yake, maneno yangu mawili. Sahihisho langu halikufika huko. Uongo ulikuwa umetangulia na jina langu umelibeba.

Nikamweleza yule kijana kisa chote. Ndiyo maana nawaeleza na nyinyi leo, kwenye chaneli hii yenye watu wengi kuliko lile grupu, ili darsa hili nalo lisambae. Mkiukuta ukurasa huo popote, waambieni watu: aliyeandika "nilisema mimi" anasema alikosea.

Amali ya leo: kabla ya futari, fungua simu yako, rudi nyuma kwenye yale uliyoyatuma mwaka huu kuhusu watu. Tafuta moja tu ambalo hukulithibitisha. Likiwa na mwenyewe, mtafute. Likiwa na grupu, rudi kwenye grupu.

Ewe Mola wetu, tusamehe yale tuliyoyasema bila elimu na tuliyoyatuma bila kuona. Wape nguvu waliodhulumiwa kwa habari za uongo, na tujaalie tuwe wa kuwarudishia heshima zao. Tuonyeshe haki tuione ni haki hata ikiwa kwa hasimu yetu, na utuonyeshe batili tuione ni batili hata ikiwa kwa mpenzi wetu. Zikubali saumu zetu za matumbo, za ndimi na za vidole. Wasamehe wazazi wetu walio hai na waliotangulia. Amin.

Wabillahi tawfiq. Tukutane kesho inshaAllah, siku ya 14.

Wassalaam alaykum warahmatullahi wabarakatuh.